Wadudu wa Chini ya Jiwe: Jinsi Afya ya Kijito Inavyopimwa

Ukiingia katika kijito cha mlimani, ukainua jiwe lililokaa kwenye mkondo na kuligeuza, upande wake wa chini utauona unatembea. Vidudu bapa vya rangi ya udongo vitakimbia kukwepa mwanga. Vingine vimejificha ndani ya vijumba vya mchanga visivyozidi punje ya mchele. Kaa mdogo ataondoka upandeupande hadi majini. Inua jiwe kama hilo kilomita chache chini zaidi, pale mtaro wa mji unapomwaga, na mara nyingi utakuta utelezi mweusi, minyoo wembamba na mabuu wekundu. Maji ya sehemu hizo mbili yanaweza kufanana kabisa ukiyatia kwenye glasi. Tofauti iko chini ya jiwe, nayo ndiyo msingi wa fani ya kupima afya ya mto kwa kutumia wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo.

Wanyama hao ni wale wanaoonekana kwa macho bila hadubini, na wanaonaswa na wavu wenye matundu ya milimita moja au nusu yake. Wengi ni wadudu wachanga: huanguliwa majini, hukulia majini, kisha hutoka na mabawa kwenda kuzaa. Kereng'ende anayeruka juu ya majaruba ya mpunga aliishi kwanza chini ya maji, akiwinda kwa mdomo unaochomoka mbele kama mkono. Mbali na wadudu wamo kaa, uduvi, konokono, ruba na minyoo wa aina mbalimbali. Ni vigumu kupata maji yanayotiririka yasiyo na mnyama hata mmoja wa jamii hii. Hata mtaro wa maji machafu una wakazi wake. Kwa hiyo mpimaji haulizi kama kuna wadudu. Anauliza ni nani yupo, na ni nani aliyepaswa kuwapo lakini hayupo.

Kiswahili kina majina ya wengi wao, lakini makundi matatu ambayo wapimaji huyatafuta kabla ya mengine yote hayana jina lililoenea. Itabidi niyaite kwa majina ya kisayansi: Efemeroptera, Plekoptera na Trikoptera. Huenda lugha za wenyeji wa milimani zinayo majina ya baadhi yao. Atakayeyakusanya ataifanyia fani hii kazi kubwa, kwani ni vigumu kumfundisha mtoto kumtunza mnyama asiye na jina.

Kwa nini tusitosheke na kemia?

Chupa ya maji inayopelekwa maabara hueleza hali ya mto katika dakika ile ilipojazwa. Kiwanda kikifungulia maji machafu usiku, au mvua ya kwanza ya vuli ikisomba viuatilifu kutoka mashambani, uchafu huo unaweza kupita ndani ya saa chache. Mtaalamu anayefika asubuhi ya siku ya tatu atapima na kukuta kila kitu kiko sawa. Mdudu aliyekuwa chini ya jiwe hakuwa na pa kwenda. Amekaa hapo wiki nyingi, wengine miezi, na kila kilichopita kimepita juu ya mwili wake. Samaki huweza kukimbia na kurudi. Mdudu huyu hufa, au husombwa na mkondo, na nafasi yake hubaki wazi kwa muda.

Liko jambo jingine ambalo kemia hailioni kabisa. Mto unaweza kuharibiwa bila kutiwa sumu yoyote. Mchanga unaomomonyoka kutoka shamba la mteremkoni hujaza nafasi zilizo kati ya mawe, na nafasi hizo ndizo nyumba. Mti wa ukingoni ukikatwa, jua hupiga maji, majani hayaanguki tena, na anayekula majani hukosa chakula. Maji yakichotwa kupita kiasi kwa umwagiliaji, mkondo hupungua kasi na mdudu anayetegemea maji yamletee oksijeni hubanwa pumzi. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Ruaha, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi tangu miaka ya mwanzo ya 1990, na hakuna kipimo cha kemia kwenye dimbwi lililosalia kinachoweza kusema yote yaliyopotea hapo.

Oksijeni ndiyo ufunguo wa habari nyingi. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 za Selsiasi huweza kushika takribani miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu. Joto peke yake limeshapunguza theluthi nzima. Kisha vikiingia kinyesi, damu ya machinjio au maji ya mitambo ya kumenya kahawa, bakteria huanza kuozesha uchafu huo na kutumia oksijeni iliyobaki. Anayepumua kwa matamvua hafifu huwa wa kwanza kuondoka.

Wanaoondoka na wanaobaki

Plekoptera ndio wepesi wa kudhurika kuliko wote. Mdudu mchanga wa kundi hili ana mikia miwili, kucha mbili kwenye kila mguu, na vishada vya matamvua mithili ya nyuzi za pamba kwenye kwapa za miguu yake. Hupenda maji ya baridi yanayokwenda kasi. Oksijeni ikipungua huanza kujiinua na kujishusha kwa miguu, kama mtu anayepiga pushapu, ili maji yapite kwenye matamvua. Ukimwona anafanya hivyo ndani ya sinia lako, ujue ni wakati wa kumrudisha mtoni. Ulaya na Amerika ya Kaskazini zina aina nyingi mno za kundi hili. Afrika Mashariki tunao wachache, na karibu wote ni wa jenasi moja, Neoperla. Nitarudi kwenye jambo hilo, maana ndilo linalofanya vipimo vya wenzetu visitufae vilivyo.

Efemeroptera wengi wana mikia mitatu, ingawa wapo wenye miwili. Kinachowatambulisha zaidi ni matamvua yaliyopangwa pembeni mwa tumbo kama vijani vidogo, mara nyingi yakitikisika bila kupumzika. Mdudu aliyekomaa wa kundi hili hali chakula. Huishi saa chache au siku chache, huzaa, hufa. Ndani ya kundi hili mpimaji lazima awe makini. Familia ya Heptageniidae, wale bapa wanaong'ang'ania jiwe kama sarafu iliyobandikwa, huhitaji maji safi. Familia ya Baetidae, wadogo wanaoogelea kama vidagaa, ina spishi zinazovumilia uchafu wa kiasi. Anayeandika daftarini "Efemeroptera wapo" bila kusema ni wepi ameacha nusu ya habari mtoni.

Trikoptera wanafanana na viwavi, nao ni mafundi. Hutoa uzi wa hariri mdomoni. Baadhi huutumia kuunganisha chembe za mchanga au vipande vya majani kuwa nyumba wanayotembea nayo. Wengine, wa familia ya Hydropsychidae, husuka wavu mdogo ukielekea mkondo na kusubiri chakula kiletwe. Nyumba tupu za Trikoptera ni rahisi kuzikuta zimegandamana na mawe hata baada ya wenyewe kuruka.

Upande wa pili wako wavumilivu. Baadhi ya mabuu wa familia ya Chironomidae huwa wekundu kwa sababu damu yao ina himoglobini, ile inayofanya damu yetu kuwa nyekundu, nayo huwawezesha kunasa oksijeni kidogo iliyopo kwenye tope. Minyoo wembamba husimama wima topeni, vichwa chini, mikia ikipunga majini. Buu wa nzi fulani, mwenye bomba refu la kupumulia nyuma ambalo hulifikisha juu ya maji, huishi hata kwenye maji ya choo. Konokono wengi wa mitaroni wana pafu, na viluwiluwi vya mbu hupumua hewa ya juu. Hawa watatu wa mwisho hawategemei oksijeni iliyoyeyuka majini, na kwa hiyo kuwapo kwao hakutuambii mengi kuihusu. Hata hivyo, kuwakuta wao peke yao ni habari kamili.

Usubi wanastahili kutajwa kipekee. Mabuu wao hujishikiza kwenye mawe na mimea ndani ya maji ya kasi, huchuja chakula kwa vishungi viwili vya kichwani, na huhitaji maji yenye hewa. Katika vipimo wao huwekwa katikati: si dalili ya maji safi sana, si ya maji machafu. Lakini kwa wakazi wa mabonde mengi usubi ni jina la ugonjwa unaopofusha. Nchini Kenya watafiti walihangaika muda mrefu kutafuta mahali mabuu wa usubi aitwaye Simulium neavei wanapoishi. Mawe na mimea havikuwa na kitu. Mwaka 1950 van Someren na McMahon walitangaza kwamba wamewakuta: walikuwa wamejibandika kwenye magamba ya kaa wa mtoni. Mito ya magharibi mwa Kenya ilikuwa tayari inatiliwa DDT ili kumwangamiza nzi huyo, na katika miaka ya 1950 akatoweka katika mabonde hayo. Ilikuwa neema kwa macho ya watu. Lakini dawa ile haikuchagua, na hakuna aliyekuwa ameweka kumbukumbu kamili ya wadudu wengine waliokuwamo. Mpango mkubwa wa kupambana na upofu wa mtoni Afrika Magharibi, ulioanza mwaka 1974 na kumalizika 2002, haukurudia kosa hilo: huku helikopta zikinyunyizia dawa, wanabiolojia walifuatilia wadudu wengine na samaki wa mito ileile mwaka baada ya mwaka.

Kipimo kilivyozaliwa

Wazo lenyewe lina zaidi ya karne moja. Wajerumani Kolkwitz na Marsson walichapisha mwaka 1908 na 1909 orodha za mimea na wanyama wa majini wakizipanga kwa kadiri kila kiumbe kinavyovumilia uozo. Uingereza, Woodiwiss alitoa mwaka 1964 kipimo alichokitengeneza kwa ajili ya Mto Trent, na baadaye katika miaka ya 1970 kikaja kingine cha nchi nzima, BMWP, kilichotoa alama 1 hadi 10 kwa kila familia. Werevu wa BMWP ulikuwa kuachana na spishi. Kutambua spishi huhitaji bingwa na hadubini. Kutambua familia humhitaji mtu aliyefunzwa vizuri, lenzi ya mkono na sinia jeupe.

Afrika Kusini, Mark Chutter alitengeneza kipimo chake cha kwanza mwaka 1972, kisha akajenga mfumo wa haraka unaojulikana kama SASS. Toleo la tano, lililoandikwa na Dickens na Graham mwaka 2002, ndilo linalotumika hadi leo. Hapo alama zinaanzia 1 hadi 15. Minyoo hupewa 1, Chironomidae 2, ruba 3, usubi 5, Plekoptera wa familia ya Perlidae 12, Heptageniidae 13. Baetidae hupewa alama kwa namna ambayo mimi huiona ni ya busara sana: ikipatikana aina moja tu ni 4, aina mbili ni 6, zaidi ya mbili ni 12. Yaani wingi wa namna ndani ya familia wenyewe umegeuzwa kuwa ushahidi.

Namibia, Zambia na Ethiopia zimepata mifumo yao. Tanzania ilipata wake mwaka 2015: TARISS, Mfumo wa Alama wa Mito ya Tanzania, uliotengenezwa na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Jenny Day na Helen Dallas. Waliichukua mantiki ya SASS, wakaijaribu kwenye mito ya Tanzania, wakaongeza familia zinazopatikana huku na kurekebisha alama pale mazingira yetu yalipodai. Kenya imefuata njia nyingine kidogo: katika mito inayoingia Ziwa Viktoria, kama Moiben, Kipkaren na Sosiani, watafiti wameunganisha vigezo kadhaa, mathalani idadi ya familia za yale makundi matatu, wingi wa wavumilivu na namna wanyama wanavyopata chakula, kuwa kipimo kimoja.

Ulazima wa kuwa na kipimo cha nyumbani unaonekana ukirudi kwa Plekoptera. Kijito cha Ulaya chenye afya huwa na familia kadhaa za kundi hilo. Kijito cha msitu wa Usambara ambacho hakijawahi kuguswa kinaweza kuwa na familia moja. Ukikipima kwa rula ya Ulaya utakihukumu kwa upungufu ambao si wake. Vivyo hivyo kwa wala majani. Kwa muda mrefu iliandikwa kwamba vijito vya Afrika Mashariki vina upungufu wa wadudu wanaokatakata majani yaliyoanguka, na kwamba kazi hiyo hufanywa na kaa peke yao. Watafiti wa Kenya walipopasua matumbo ya wadudu wa vijito vya juu vya Mto Mara na kuangalia walichokula, badala ya kutegemea vitabu vya kigeni vilivyosema mdudu fulani hula nini, walikuta wala majani wengi kuliko walivyodhaniwa, hasa kwenye vijito vilivyo bado ndani ya msitu. Kaa wa mtoni anabaki na heshima yake, lakini hafanyi kazi peke yake.

Kazi ya mtoni

Vifaa ni vichache. Wavu wenye fremu ya sentimita 30 kwa 30 na matundu ya milimita moja, uliofungwa kwenye mpini, sinia jeupe, kibano, kijiko, lenzi ya mkono, daftari, mabuti ya mpira. Mabuti si mapambo. Maji ya taratibu yenye konokono wa jenasi ya Biomphalaria au Bulinus yanaweza kuwa na vimelea vya kichocho vinavyopenya ngozi, na kuingia bila kinga kwa ajili ya kupima afya ya mto ni kuuza afya yako mwenyewe. Kwenye mito mikubwa ya bondeni kuna mamba na viboko. Huko mpimaji haingii bila mwenyeji anayeujua mto ule.

Utaratibu wa SASS, ambao TARISS umejengwa juu yake, hugawa kijito katika makazi matatu. Kwanza mawe: mpimaji husimama upande wa juu wa wavu, mdomo wa wavu ukielekea mkondo, huvuruga na kusugua mawe kwa miguu kama dakika mbili, na maji huwaleta waliong'oka ndani ya wavu. Pili mimea ya ukingoni: wavu hupitishwa ukisukumwa ndani ya majani yaliyozama, jumla ya mita mbili. Tatu changarawe, mchanga na tope: dakika moja ya kuvuruga. Makazi haya hayachanganywi ndani ya sinia, kwa kuwa kila moja lina watu wake. Baadaye mpimaji hutazama sinia kwa muda usiozidi dakika 15, akiandika kila familia anayoiona, na kama dakika tano zimepita bila kuonekana mpya, huacha.

Dakika hizo zina sababu. Ukimpa mtu mmoja saa nzima na mwingine dakika kumi, tofauti ya alama zao itakuwa tofauti ya subira, haitakuwa tofauti ya mito.

Wakati nao una uzito. Masika yakiwa yamefurika, mawe yenyewe hubingirika na wadudu husombwa. Ukipima siku ya pili utaandika kwamba mto umechafuliwa kumbe umeoshwa. Subiri wiki kadhaa maji yatulie. Wadudu hurudi upesi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kila usiku baadhi yao hujiachia na kuelea na mkondo kutoka juu, na wakubwa wenye mabawa huruka kupanda mto kwenda kutaga. Lakini hurudi ikiwa huko juu kuna kijito kizima kinachoweza kuwatoa.

Hesabu inayoweza kufanywa na darasa la sita

Kwa shule na vikundi vya vijiji kuna toleo lililorahisishwa la Afrika Kusini, miniSASS, lenye makundi 13 tu. Alama zake ni hizi: minyoo bapa 3, minyoo ya kawaida 2, ruba 2, kaa au uduvi 6, Plekoptera 17, Efemeroptera wadogo wanaoogelea kama vidagaa 5, Efemeroptera wengine 11, kereng'ende wembamba 4, kereng'ende wanene 6, kunguni wa maji au mbawakawa 5, Trikoptera 9, mabuu wa nzi na mbu 2, konokono 4. Unajumlisha alama za makundi uliyoyaona, unagawa kwa idadi ya makundi hayo. Haijalishi umeona konokono mmoja au mia.

Tuseme darasa limepima juu ya kijiji na kukuta Plekoptera, Efemeroptera wa aina zote mbili, Trikoptera, kaa, kereng'ende wanene, mbawakawa na mabuu wa nzi. Jumla ni 61. Makundi ni manane. Wastani ni 7.6. Chini ya kijiji wamekuta minyoo, ruba, mabuu wa nzi, konokono na kereng'ende wembamba: jumla 14, makundi matano, wastani 2.8. Kwa mto wa mawe, miniSASS huhesabu wastani unaozidi 7.2 kuwa hali ya asili, na ulio chini ya 5.3 kuwa hali mbaya sana. Mipaka hiyo iliwekwa kwa mito ya Afrika Kusini, na nisingependa mwalimu wa Moshi au Kitale aishike kama sheria. Lakini kulinganisha juu na chini ya kijito kimoja, siku moja, kwa mikono ileile, ni kipimo cha haki popote pale. Pengo kati ya 7.6 na 2.8 halihitaji mtaalamu wa kulitafsiri.

Kwa TARISS mpimaji huandika namba tatu: jumla ya alama, idadi ya familia, na wastani wa alama kwa familia. Ningemshauri msomaji wa ripoti aanze na wastani. Jumla hupanda na kushuka kulingana na makazi yaliyopatikana. Kijito kisicho na mimea ukingoni kitakuwa na jumla ndogo hata kama maji yake ni safi. Wastani hauyumbishwi sana na hilo.

Mipaka ya ushahidi huu

Mto Morogoro unashuka kutoka milima ya Uluguru, unapita katikati ya mji, unaingia Ngerengere. Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaolipatia jiji la Dar es Salaam sehemu kubwa ya maji yake. Ukiwa na wavu unaweza kuufuata mnyororo huo na kuonyesha ni kipande gani hasa wadudu wanapotoweka. Hata hivyo wavu hautakutajia jina la sumu, wala mwenye bomba. Kazi yake ni kusema "hapa", na kuanzia hapo kemia inajua pa kupeleka chupa.

Pia si kila alama ya chini ni dhambi ya mwanadamu. Katika Mto Mara wanaishi viboko zaidi ya 4,000. Kinyesi chao hujaa kwenye madimbwi, oksijeni ya chini ya dimbwi huisha, na mafuriko yakiyasukuma maji hayo mbele samaki hufa kwa wingi. Wadudu wa madimbwi yale wanafanana na wa mto uliochafuliwa, ingawa hiyo ndiyo hali ya asili ya mto wenye viboko. Ndiyo maana kila eneo linahitaji vijito vya kulinganishia: vijito vya Udzungwa, vya Kakamega, vya Mau, ambavyo vinatuonyesha mto mzima unafananaje. Msitu ukimalizika, tunapoteza miti na pia tunapoteza rula.

Na jambo hili liandikwe kwa wino mzito: alama nzuri haina maana kwamba maji yanafaa kunywa. Wadudu hawaugui kipindupindu wala homa ya matumbo. Kijito chenye Plekoptera wengi kinaweza kubeba vimelea kutoka kwenye choo kimoja kilichochimbwa karibu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakiwa ya mlimani.

Sheria ya mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nchi ina bodi tisa za maji za mabonde. Kipimo kilichotengenezwa kwa mito yetu kipo tangu 2015. Ninaloziomba bodi hizo ni dogo: alama za wadudu zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kila kijiji kilicho kando ya mto, kila kiangazi, pembeni ya za mwaka uliopita. Na ninaloliomba kwako, msomaji, ikiwa kuna kijito karibu nawe, ni kuingia siku moja na kugeuza jiwe. Andika ulichokiona na tarehe. Kisha lirudishe jiwe hilo palepale, upande ulioangalia chini uangalie chini, maana kuna wanaoishi hapo.